Wanaharakati wa umaskini, tokeni hotelini

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia. Ila taarifa yenu ya wiki jana, ile ya mashirika ya kiraia kukutana hotelini Kampala kuijadili PDM, yaani mpango wa serikali wa kuzikopesha kaya kupitia parishi (eneo la vijiji kadhaa), imenishinda.

Wasemaji walilalamika kwamba serikali haiwashirikishi wananchi. Sawa. Na wao je? Tangu Rais Museveni auzindue mpango huo Kibuku, Februari 2022, kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Majina yanaingizwa na kufutwa huko huko parishini. Mwanaharakati hayupo.

Kikundi chetu cha wauza mukene, yaani dagaa, hapa Busia kilijaza fomu, tukaambiwa tuache "kidogo cha kalamu". Tukakataa. Orodha ilipotoka hatumo, ila shemeji wa kiongozi mmoja wa SACCO, chama cha mikopo cha parishi, asiyefuga hata kuku, yumo. Halafu likaja shirika moja na gari jeupe, tukashangilia, tukajua tumepata watetezi. Walitugawia fulana, wakatupiga picha tumeinua ngumi, wakatufundisha haki zetu kwa Kiingereza, kijana mmoja akitafsiri anachotaka na kuacha asichotaka. Nikainuka kuuliza nani ataandamana nasi kwa chifu wa parishi tuione hiyo orodha. Nikajibiwa, "Mama, hilo tutaliweka kwenye ripoti." Ripoti! Sijaiona mpaka leo, lakini picha yangu imo, naapa.

Haikuwa hivi zamani. Uganda iliposamehewa sehemu ya madeni mwaka 1998, miaka iliyofuata shirika la kiraia la Uganda Debt Network liliwafunza wanavijiji kukagua wenyewe fedha za mfuko wa kupambana na umaskini. Mtu alikwenda shuleni kuona kama darasa limejengwa kweli.

Tena huku kulipa pesa za mkopo kwa simu! Wazee wengi hapa laini zao zimesajiliwa kwa majina ya wajukuu. Pesa ikiingia ni ya nani? Na mtandao wenyewe wa mpakani, umekaa jikoni kwako simu inakukaribisha Kenya.

Kongamano lijalo lifanyike chini ya mwembe wa soko letu, siku ya soko, bila soda wala posho. Orodha ya waliokopeshwa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na Kisamia: jina, kijiji, kiasi. Viti hatuna. Magunia ya mukene yapo, wasivae suti nyeupe.

Muuza mukene,
Busia, Uganda