Kwa vijana mlioitwa kwenye usaili wa tuzo: nguo ziandaliwe kabla ya siku

Wanangu,

Hongereni kwa kuitwa. Iwe ni Tuzo za Vijana za Jumuiya ya Madola, zinazopokea wenye miaka 15 hadi 29, au ni tuzo ya wilaya yenu tu, jopo limeshasoma karatasi zako na sasa linataka kumwona mwenye kazi. Kwa hiyo tafuta nguo ambayo ukishakaa hakuna atakayeihangaikia tena, na wewe uwe wa kwanza kuisahau. Anayevuta sketi kila dakika hasikii swali.

Wengi mnakimbilia suti. Si lazima. Shati safi la mikono mirefu na suruali iliyonyooka vinampita mtu aliyeazima suti ya mjomba. Lakini kama ni suti, na ni ya mtumba, anza kuikagua mabegani. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Kiuno fundi atapunguza, mkono atakata. Bega kulirekebisha ni kufumua nusu ya koti, na ufundi unaweza kuzidi bei uliyonunulia. Kisha finya kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili. Makoti mengi yana kitambaa kigumu ndani kilichoshikizwa kwa gundi. Likishafuliwa kwenye beseni, gundi inaachia na kifua kinatoa malengelenge ambayo pasi haiyalazi. Koti la namna hiyo liache palepale, hata likiuzwa kwa bei ya chai. Na lako zima usilifue kwa maji nyumbani: lianike kivulini lipigwe upepo, lipige brashi.

Mkono wa koti uishie kwenye kifundo, shati lichungulie kama sentimita moja. Ncha ya tai iguse chuma cha mkanda. Kifungo cha chini hakifungwi, na ukikaa fungua vyote. Lebo iliyoshonwa nje ya mkono wa suti mpya, pamoja na ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, ni vya dukani. Vikate!

Suruali ikiteremshwa upindo, alama ya mkunjo wa zamani hubaki. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya alama, piga pasi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Nguo nyeusi piga pasi upande wa ndani, la sivyo itang'aa magotini kama sufuria. Wenye pasi ya mkaa, kung'uteni majivu nje kabla haijakaribia shati jeupe.

Kitenge nacho ni vazi zuri la usaili, tena halikupi joto. Kwanza choma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Chenye kijidonge, kwa jasho la Dar es Salaam, utajuta. Cha pamba kiloweke usiku mzima kabla ya kukatwa, ukianike kivulini. Kikishonwa bila kulowekwa, ufuaji wa kwanza utakula urefu na gauni lililofika chini ya goti litapanda juu yake. Mpe fundi siku kumi, umwambie unaihitaji baada ya tano. Mafundi tunajuana.

Ukichagua kanga, soma jina lake kabla ya mkasi. Maneno ya kumkomoa mke mwenza hayakai vizuri mgongoni mwa anayeomba tuzo ya uongozi, na mjumbe aliyelelewa Pwani atayasoma kabla hujavuta kiti. Kanga na fulana za kampeni, za chama chochote, ziacheni nyumbani.

Kanzu na kofia ni heshima kamili. Tatizo ni mwanga: kanzu nyepesi mbele ya dirisha haifichi kitu, basi vaa suruali nyeupe ndani. Gauni jepesi livaliwe na shimizi. Chini ya shati jeupe, singlendi nyeupe huonekana mistari yake. Yenye rangi ya kukaribia ngozi yako haionekani.

Viatu vya mtumba vyenye soli laini kama sponji vibonyezeni kwa ukucha. Soli hizo zikikaa miaka bila kuvaliwa, unyevu huzila kimyakimya, halafu zinameguka barabarani siku ile ile uliyozivaa. Viatu vipya vivae saa moja kila siku nyumbani kwa siku tatu. Vya kuchuchumia, kama hujavizoea, si siku ya kujifunzia.

Kisha fanya jaribio la kukaa. Ofisi nyingi zina makochi ya chini kuliko kiti cha kwenu. Kaa kwenye kitu kifupi, mwambie ndugu yako akupige picha kwa mbele. Utaona sketi inapanda hadi wapi na soksi zinaishia wapi.

Usaili wa mtandaoni una yake. Shati la mistari myembamba hutetemeka kwenye kamera, bangili hugonga meza na kipaza sauti kinadaka kila mlio. Vaa na suruali, maana unaweza kuinuka kufunga dirisha.

Marashi yawe kidogo mno. Udi usifukize nguo ya usaili, chumba ni kidogo na kina watu watano.

Asubuhi yake beba koti mkononi, limegeuzwa ndani nje, ulivae ukishafika. Wa bodaboda, panguseni viatu getini kwa kitambaa mlichokuja nacho. Weka kwenye mkoba sindano yenye uzi tayari na pini mbili. Getini kwenye ukaguzi mkanda unaweza kuvuliwa, basi usitegemee mkanda peke yake kushika suruali iliyokuzidi kiuno. Na simu, funguo na pochi nene viingie mkobani, si mfukoni.

Fundi wenu mzee