Anayehamia Baptist uzeeni asichane cheti cha ubatizo

Mhariri,

Hapa Kigoma si ajabu tena kumwona mtu mwenye wajukuu, aliyekuzwa Mkatoliki kwa rozari na kipaimara, akihamia kanisa la Baptist. Uamuzi ni wake. Tatizo ni namna wengi wanavyoondoka: wanatoweka kimyakimya kwenye jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani, wanachana vyeti, kisha mambo yanafumuka siku ya harusi au ya msiba.

Cheti kitunzwe. Jina halifutwi kwenye daftari la ubatizo la parokia, na mtu akirudi habatizwi tena, anaanzia kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri. Baptist nao hawauhesabu ubatizo wa utotoni. Kwao mtu hukiri imani mwenyewe kwanza, ndipo azamishwe mwili mzima. Kwa mzee, hapo pana kazi. Ufuko wa Ziwa Tanganyika una sehemu zinazoporomoka ghafla, hivyo mahali papimwe mapema kwa fimbo: maji yafike kiunoni tu, tena pasiwe na mamba. Nguo iwe nzito na ya rangi iliyokolea, maana kanzu nyeupe ikilowa huonyesha mwili. Mwenye magoti mabovu ashikwe na watu wawili, si mchungaji peke yake, na mwenye presha aseme kabla hajaingia majini.

Ndoa iliyofungwa parokiani haivunjiki kwa mmoja kuhama, na serikalini cheti chake kinabaki halali. Mke aliyebaki Mkatoliki hanyimwi Komunyo kwa sababu hiyo, wanaomtisha wanapotosha. Mwenye kikwazo ni mgane anayetaka kuoa tena. Zamani aliyejitoa rasmi Kanisani hakubanwa na utaratibu wa ndoa ya Kikatoliki. Papa Benedikto wa 16 aliufuta msamaha huo mwaka 2009. Kwa hiyo aliyebatizwa Mkatoliki akifungia ndoa Baptist bila kibali cha askofu, kwa Kanisa Katoliki hiyo si ndoa. Baptist hawatamwambia hilo, wala si kazi yao.

Kuhusu msiba: Baptist hawafundishi toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kifo, wala hawasomi Misa ya marehemu, na watoto waliobaki Wakatoliki wataidai. Mwenyekiti wa jumuiya naye atauliza kwa nini wanajumuiya wamzike mtu aliyewakimbia. Basi mzee amuage paroko na jumuiya ana kwa ana, aandike nani ataongoza mazishi yake, atie sahihi mbele ya watoto wote, na nakala moja ampe mchungaji.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma