Kadiri alivyokawia lindoni ndivyo alivyopunjwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumzie hesabu ya saa za kazi za walinzi wa usiku. Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni ya ulinzi hapa Mwanza, na ninayoyaandika yalitokea mezani kwangu.

Mwezi wa tatu alinijia mzee mmoja, mlinzi wetu, na daftari la shule lililochakaa jalada. Nikamwamkia, akaitikia, akalifungua bila hata kuketi. "Binti yangu, hivi hii kompyuta yenu imewahi kukesha lindoni?" Kila mstari ulikuwa vilevile: kaingia saa 12:00 jioni, katoka saa 12:10 asubuhi. Dakika 10 hizo ni za kumsubiri mwenzake wa mchana na kumkabidhi funguo na kitabu cha matukio. Kompyuta ilikuwa imemwandikia saa 11 na dakika 50.

Nilidhani kakosea yeye. Nikafungua mfumo: safu ya kuingia 18:00, safu ya kutoka 06:10, tarehe hakuna. Ukichukua 06:10 ukatoa 18:00 unapata hasi saa 11 na dakika 50, kwa sababu mashine haina habari kwamba hapo katikati siku imegeuka. Fundi alipoiona hasi hakujiuliza imetoka wapi. Aliweka ABS, amri ya kuondoa alama ya kutoa, akaenda zake.

Kosa hili ni janja. Anayetoka saa 12 kamili anapata saa 12 zake bila kasoro, ndiyo maana siku ya majaribio hakuna aliyeshtuka. Anayekawia dakika 10 anapunguziwa dakika 10. Na mtoro anayeondoka saa 11:50 alfajiri anaandikiwa saa 12 na dakika 10! Mzee wetu alikuwa akipunjwa dakika 20 kila zamu; kwa zamu 26 za mwezi ni saa 8 na dakika 40.

Tulipolalamika, fundi akaongeza tarehe, akatumia TIMESTAMPDIFF, amri ya kupima muda kati ya nyakati mbili katika MySQL, programu inayotunza kumbukumbu zetu, na kuitaka ijibu kwa saa. Mzee akaandikiwa saa 12. Amri hiyo ukiidai saa inakupa zilizotimia tu, dakika za juu inazitupa. Zikapotea tena saa 4 na dakika 20 kwa mwezi. Ilibidi tuidai dakika, tuzijumlishe za mwezi mzima, ndipo tugawe kwa 60, mara moja tu, mwishoni. Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja.

Wapo mafundi wanaokwepa tarehe kwa kuongeza saa 24 kila jibu linapokuwa hasi. Hiyo nayo inakwenda vizuri hadi siku mlinzi akose wa kumpokea, aliyeingia saa 12 jioni atoke kesho yake saa 1 usiku. Hapo 19:00 ukitoa 18:00 hupati hasi yoyote. Amekaa saa 25, analipwa moja. (Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu zaidi ya saa 12 kwa siku, lakini aliyewahi kufanya kazi kwenye ulinzi anajua yanayotokea mwenzako asipofika.)

Ninachowaomba waajiri ni hiki: karatasi ya mshahara ionyeshe tarehe na saa ya kuingia na ya kutoka kwa kila zamu, si jumla peke yake. Jumla haina cha kubishania.

Na mlinzi anayesoma barua hii atafute kwenye daftari lake siku aliyoingia saa 12 jioni, akatoka saa 12:15 asubuhi. Aende ofisini aulize zamu ile imeandikwa saa ngapi. Akijibiwa saa 11 na dakika 45, asikubali kuambiwa kwamba saa yake ya mkononi ndiyo mbovu.

Karani wa mishahara,
Mwanza