Mtangazaji mpya apewe mtu wa kuzungumza naye

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaoandaa vipindi vya utalii, hasa wanaowachukua vijana wa Tanga kwa mara ya kwanza.

Mwaka jana nilichaguliwa kutangaza kipindi kifupi kuhusu magofu ya Tongoni, mabaki ya mji wa kale wa Waswahili. Sikuwa na wasiwasi. Tangu nikiwa na miaka 15 namsaidia mama kunadi samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, katikati ya kelele za wavuvi na wachuuzi, na sauti yangu haijawahi kukwama. Usiku wa kuamkia safari waandaaji wakanipa karatasi mbili, nizikariri neno kwa neno.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshafika, kilomita zipatazo 17 kusini mwa mji, njia ya Pangani. Nikabanwa maiki kwenye mtandio, nikasimamishwa mbele ya kaburi la nguzo, yaani kaburi la kale lililojengewa nguzo ya mawe. Taa nyekundu ya kamera ilipowaka, mdomo ulikauka kama niliyelamba chumvi. Nilitakiwa kusema kwamba mwaka 1499 Wareno wa Vasco da Gama, wakirudi kutoka India, waliichoma moto meli yao, São Rafael, katika pwani hii. Nikafika kwenye "India", nikanyamaza. Mara ya pili, palepale. Mara ya sita mikono ilitetemeka hata maiki ikawa inakwaruza. Msimamizi akatazama saa, akaniambia, "Jiamini!" Alikuwa na nia njema, lakini mtu aliyeshikwa na hofu neno hilo halimpi pa kushika.

Aliyeniokoa ni mpigapicha. Alimwita mama mmoja wa pale kijijini aliyekuwa akipita, akamsimamisha ubavuni mwa kamera. "Muoneshe huyu mama," akaniambia, "karatasi niachie mimi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze."

Nikamuonesha vishimo vya mviringo kwenye kaburi, vya kutosha bakuli la uji, ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Kimoja kina mstari mwembamba kama uzi, pale chokaa ilipokumbatia ukingo wa bakuli. Akainama kukitazama. Nilipofika kwa Wareno akanikatiza: "Mbona walichoma chombo chao wenyewe?" Nikamjibu kwamba wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Ikatoka kwa Kiswahili changu, bila kukwama. Ndicho kipande kilichorushwa.

Nikakumbuka kuwa hata kule Deep Sea siuzii umati. Namtazama machoni mnunuzi mmoja.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji: mpelekeni mtangazaji mpya mahali penyewe siku moja kabla, bila kamera, apazunguke na kuwauliza wenyeji. Mwacheni aseme kwa maneno yake. Wekeni mtu ubavuni mwa kamera, na ile taa nyekundu izibeni kwa kipande cha plasta. Hofu haiishi kabisa. Hata nilipokwenda mapango ya Amboni mwezi uliopita, dakika ya kwanza magoti yalilegea. Lakini ilipita.

Naandika kwa ajili ya mwenzangu tuliyechaguliwa pamoja. Yeye alikwama mara nne tu, akaambiwa apande daladala arudi nyumbani, na hajaitwa tena. Kazaliwa Tongoni, anayajua magofu yale kuliko mimi. Nawaomba wamwite.

Mtangazaji chipukizi,
Ngamiani, Tanga