Mbingu ya Minecraft ni ya kwetu

Malindi, 9 Oktoba

Swahiba wangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, kaskazi haijaingia bado na joto ndilo hilo, na mama kila Ijumaa anauliza utakuja lini. Barua yako nimeipata pamoja na swali la mwanao: nyota za Minecraft ni nyota za kweli, ama ni mapambo tu? Uliandika kama mtu anayeona haya, eti kumsumbua mtu mzima kwa habari za gemu. Yakhe, umemuuliza mwenyewe. Tangu mpwa wangu aniachie kompyuta yake, usiku nikishafunga duka naifungua ile dunia ya matofali, napanda juu ya mnara na kutazama juu. Kujenga sijui, na mapangoni siendi.

Jibu fupi mwambie hivi: si za kweli. Atafute Kilimia asikione, atafute zile nyota tatu za Orion zilizojipanga mstari asizione. Ni vijiraba vyeupe vya rangi moja, vinavyopishana ukubwa kidogo tu. Programu huzitengeneza hivi: hurusha nukta 1500 ovyo ndani ya mchemraba, zile zilizoangukia nje ya tufe inaziacha ili nyota zisirundikane kwenye pembe, na zilizosalia inazibandika angani. Ukipiga hesabu zinabaki kama nusu, 780 hivi, na kwa kuwa nusu ya mbingu iko chini ya miguu yako, kwa wakati mmoja unaona kama 400. Huku kwetu usiku usio na mwezi, ukitoka nje ya taa za mji, jicho tupu huona zaidi ya 2000.

Lakini hapo hajafika kwenye utamu wenyewe. Hiyo bahati nasibu ya kompyuta haianzii hewani, huanzia kwenye namba wanayoiita mbegu. Milima na mito ya kila dunia ina mbegu yake, ndiyo maana kila dunia mpya ni ngeni. Mbegu ya nyota, kwenye toleo la gemu linaloitwa Java, ni 10842 na haibadiliki. Kwa hiyo mwanao akifungua dunia mpya huko Stockholm, na mimi nikafungua yangu hapa Malindi, yeye anaweza kujikuta jangwani na mimi kisiwani, lakini nyota za juu yetu ni zilezile na zimekaa vilevile. Nilipolijua hilo ndipo nilipotafuta karatasi ya mraba-mraba nikaanza kuchora. Makundi kadhaa nimeshayapa majina. Kuna Mashua, kuna Ndoana, na kuna fungu moja lililobanana ambalo mpwa wangu ameliita Abiria wa Matatu. Nikataka kukataa, kisha nikaona limemfaa. Raha ya mbingu hii ni kwamba hakuna Mgiriki wala Mwarabu aliyetutangulia kuipa majina.

Namna ya kupima ni hii, umfundishe. Kwanza aisimamishe saa ya gemu kwa amri, aiweke 18000, yaani usiku wa manane, la sivyo nyota zitamkimbia kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Kisha abonyeze kitufe cha F3. Kati ya maandishi mengi yatakayojaa kwenye kioo kuna namba mbili za pembe: moja ni upande alioelekea, nyingine ni alivyoinua uso. Aiweke ile alama ya katikati ya kioo juu ya nyota, asome, aandike. Asishangae namba ya pili kuwa na alama ya kutoa, maana humu kutazama juu ndiko kutoa. Unakumbuka tulivyosimuliwa habari za kamali ya mabaharia, kile kibao chenye uzi wa mafundo? Uzi unaubana kwa meno, ukingo wa chini wa kibao unaukalisha kwenye upeo wa bahari, wa juu unaugusisha nyota, na fundo ndilo linalokwambia umefika bandari gani. F3 ni kazi ileile, tena hakuna mawimbi.

Sasa nikupe jambo lililonifanya nikuandikie kirefu. Nimepima jua, nimepima nyota, na matokeo ni yaleyale. Jua la Minecraft huchomoza mashariki kamili, hupita utosini kabisa na kuzama magharibi kamili, kila siku ya Mungu. Nyota nazo hupanda wima, hazipandi kwa mshazari. Ukielekea kaskazini na kutazama chini kabisa, pale ardhi inapogusana na mbingu, utaona nyota zinaizunguka nukta moja iliyokaa kwenye upeo wenyewe, nusu ya mzunguko wao juu na nusu imezama. Geuka kusini, hali ndiyo hiyo. Mbingu ya namna hiyo, Hamisi, duniani iko mahali pamoja tu: juu ya mstari wa ikweta. Ni mbingu ya Nanyuki. Hata sisi Malindi, digrii 3 tu kusini, tunaikosa kidogo; jua hutupita utosini mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, siku nyingine huegemea upande.

Na aliyeianzisha gemu hiyo ni nani? Markus Persson, Mswidi, na kampuni aliyoianzisha, Mojang, iko hukohuko Stockholm unakofagia theluji. Ilitoka rasmi Novemba 2011. Mji wenu uko digrii 59 kaskazini, maana yake nyota ya kaskazini inaning'inia digrii 59 juu ya upeo wenu, ilhali hapa iko chini ya upeo na hatuioni hata tukipanda mnazi. Jua halijawahi kumkaa mtu utosini Stockholm tangu dunia iumbwe. Lakini alipokaa kuchora mbingu, akachora ya kwetu. Nadhani hakukusudia, kuizungusha mbingu nzima kwenye mhimili uliolala chali ni hesabu nyepesi kuliko kuulaza mshazari. Mimi nimeipokea kama ilivyokuja.

Kuna na hili la saa, ambalo lilinichekesha peke yangu dukani. Siku ya gemu ni dakika 20 za kwetu, nayo imegawanywa vipande 24000, kwa hiyo kila 1000 ni saa moja. Mwambie mwanao aamuru iwe mchana: saa inakwenda 1000. Adhuhuri ni 6000. Usiku ni 13000, na usiku wa manane ni 18000. Umeona? Hesabu inaanza alfajiri, haianzi katikati ya usiku. 1000 ni saa moja asubuhi, 6000 ni saa sita mchana, na kuanzia 13000 unatoa kumi na mbili tu unapata saa moja ya usiku na saa sita ya usiku. Wallahi, gemu ya Mswidi inasoma saa za Kiswahili! Wewe ulinilalamikia kwamba huko saa zetu zimekufa, kwamba Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limekwisha zama. Basi kazitumie kwenye kompyuta ya mwanao, zinafanya kazi.

Isipokuwa ukipima sana utaona mwendo hauko sawasawa. Mbingu ile huenda pole ikifika adhuhuri, na usiku wa manane inakaza mwendo. Jua hukaa juu ya upeo zaidi ya dakika 11, na chini yake hata 9 hazifiki. Ndiyo maana nikasema asimamishe saa kwanza.

Mahali ilipoharibika ni mwezi. Mwezi wa Minecraft uko daima upande wa pili wa jua: jua likizama magharibi, mwezi unatokeza mashariki, uwe mpevu uwe mwembamba. Una sura nane, kila usiku sura moja, na dunia mpya huanza na mwezi mpevu. Sasa wewe fikiria mwezi mwandamo unachomoza mashariki wakati wa magharibi! Ni kadhi gani atapokea ushahidi huo Ramadhani? Ukiutafuta pale tulipozoea kuutafuta, juu kidogo ya machweo, utakesha. Ingawa si mbaya kuliko ule wa ile gemu ya San Andreas tuliokuwa tukiulenga kwa bunduki ya darubini ukabadilika ukubwa. Siku zile hatukuuliza maswali.

Na kasoro ya pili ni kubwa zaidi, ila si rahisi kuigundua. Nyota za humo zimefungwa pamoja na jua, zinazunguka naye kama kitu kimoja. Nyota iliyo utosini usiku wa manane leo, ndiyo itakayokuwa hapo milele. Za kweli huchomoza mapema kila siku kwa kama dakika 4, mwezi ukipita zimetangulia saa mbili, na mwaka ukitimia zimerudi. Wazee wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hupotea nyuma ya jua wakati wa masika, kikirudi alfajiri mvua zimekatika. Mbingu isiyotembea na mwaka haiwezi kumwambia mkulima lolote. Humu mvua hunyesha inapotaka, na ngano inamea siku yoyote.

Lakini kwa njia ya kurudi nyumbani nyota zile ni za kuaminika, na hili mwanao litamfaa. Dira ya gemu haielekezi kaskazini, inaelekeza pale dunia yake ilipoanzia. Akiwa mbali usiku, asiipapatikie. Atazame nyota zinapanda upande gani, huko ni mashariki. Mawingu nayo huenda magharibi tu, hayabadili njia. Mvua ikinyesha nyota hufichika, na kule Nether, ile jehanamu ya gemu, hakuna mbingu kabisa, huko ajitegemee mwenyewe.

Nataka mambo mawili kwenu. Yeye achore nyota za upande wa kaskazini, zile za karibu na upeo, kwa sababu mnara wangu una mlima mbele yake na sina moyo wa kuuchimba. Wewe utoke nje usiku mkavu, ukunje ngumi na kunyoosha mkono, uhesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo hadi nyota ya kaskazini. Ngumi moja ni kama digrii 10, kwa hiyo zikija pungufu sana ya sita ujue umeikosea nyota.

Aniandikie kabla ya Desemba, maana mpwa akifunga chuo kompyuta inarudi kwake. Msalimie shemeji, na kahawa nimempa bin'ami yako anayesafiri mwezi ujao.

Wako,
Rajabu