Makadeti, shikeni bawa kwanza

Wajukuu zangu, makadeti wa anga mnaojifunza kurusha glaida, ndege zisizo na injini, huku Uingereza,

Naandika nikiwa na uchungu. Jumamosi iliyopita nilikwenda uwanjani kumtazama mjukuu wangu. Nikamwona kijana ameshika ncha ya bawa kwa mkono mmoja, mkono wa pili una simu, anajipiga picha. Waya wa winchi, ile mashine ya chini inayovuta glaida mpaka ipae, umekwisha kuunganishwa, mwenzake yuko ndani, mikanda ameshafunga. Kijana akainua bawa bila kutazama juu wala nyuma, na nyuma huko glaida nyingine ilikuwa inajongea kutua. Mkufunzi alipiga ukelele, kila kitu kikasimama. Moyo wangu mimi haukutulia mpaka jioni.

Hivi hamkuambiwa? Kuinua bawa ni kumwambia rubani kuwa njia nyeupe. Yeye aliyefungwa mikanda haoni kilicho nyuma yake, anakutegemea wewe. Winchi ikishavuta, sekunde chache tu glaida imeacha majani na pua imeelekea juu, nayo haina injini ya kumtoa mtu kwenye balaa.

Nilipokuwa na miaka 16, mtoto wa Mombasa niliyekuwa bado naogopa baridi, nilirushwa na Sedbergh, glaida ya wazi ambayo wawili mnakaa bega kwa bega, upepo unawachapa usoni. Siku hiyo nilisukuma glaida na kushika mabawa ya wenzangu tangu asubuhi, viatu vimelowa. Zamu yangu ilipofika, waya ukakatika tukiwa bado tunapanda. Paa! Kisha kimya. Mkono wa mwalimu ulisukuma stiki, ule mti wa kuongozea, mbele kabla sijaelewa lolote. Pua chini, rudisha mwendo, achia waya uliobaki, ndipo uamue utatua wapi. Tulitua salama mbele yetu, kwa sababu aliyeshika bawa letu alihakikisha uwanja u mtupu.

Mengine mnayajua: kuleni kabla ya kwenda, ulizeni msichoelewa, tazameni upeo wa macho badala ya kukodolea vipimo vya ndege, na kile kiuzi cha sufu kwenye kioo kikienda upande, ishara kuwa glaida inakwenda kimshazari, kirekebisheni kwa pedali za miguuni.

Nasi wazee tuna deni. Mwaka 2014 glaida za makadeti nchi nzima zilizuiwa kuruka kwa mashaka ya matengenezo, na mwaka 2016 ikatangazwa kuwa vikosi kadhaa vya kujitolea vinavyowarusha makadeti kwa glaida vitafungwa. Vijana walivuka umri wakiwa hawajaonja hata dakika moja angani kwa glaida, kwa uzembe wa watu wazima. Sasa nafasi mmeipata, na baadhi yenu mnaruka, mnapiga picha, kisha mnajifungia garini wenzenu wakisukuma.

Wewe kijana wa Jumamosi, sikukuchukia. Nilikuona ulivyotetemeka baadaye, na hakuna aliyekufuata. Wiki ijayo nitakuwa pale pale kwenye uzio na chupa ya chai ya tangawizi. Niachie simu yako, uende ukashike bawa.

Babu yenu