Usiliuze gitaa, tubadilishe pikapu

Majengo, Moshi
Julai

Mwalimu, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu ni ya kuvaa makoti mawili, na Kibo hatujaiona siku nyingi kwa mawingu. Mama amefurahi kusikia mtoto amepona. Anasema ukipita huku usithubutu kuondoka bila kula mtori.

Sasa la gitaa lako la umeme. Umeandika kwamba unataka kuliuza ununue jingine, kwa sababu linanguruma kanisani na solo yako inamezwa na kinanda. Ninakuomba usiliuze. Gitaa lile nimelishika: shingo imenyooka, freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) hazijalika, na ukilitia tyuni jioni, asubuhi unalikuta palepale. Shingo ya namna hiyo huipati kirahisi kwenye magitaa ya bei yetu. Kinachokusumbua ni pikapu, zile zinazodaka sauti chini ya nyuzi, nazo zimefungwa kwa skrubu tu.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba wa kama milimita 0.06, mizunguko elfu saba, elfu nane. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku, na ndani ya waya unazaliwa umeme mdogo sana. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo mdogo ndio unaopita kwenye voliumu na kebo hadi kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi kitu kwenye gitaa la umeme, na ndiyo maana mimi siwaungi mkono wanaoanza kulaumu mbao kabla hawajatazama pikapu.

Ukifungua gitaa lako na kuigeuza pikapu, nina hakika utakuta kipande cheusi cha sumaku kimebandikwa chini, na vile vichuma sita unavyoviona juu ni chuma tu, si sumaku. Hiyo ni sumaku ya kauri. Ina nguvu na bei yake ni nafuu, lakini kwenye pikapu za magitaa ya rahisi sauti yake huwa kali na kavu. Mmarekani Leo Fender alipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ambayo ndiyo gitaa lako limeigwa kwake, vile vichuma sita vyenyewe vilikuwa sumaku za alniko, yaani chuma kilichochanganywa na aluminiamu, nikeli na kobalti. Tofauti utaisikia kwenye nyuzi nyembamba ukizipiga polepole: noti inalia wazi halafu inazimika taratibu, haikwaruzi.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu dukani watakuelekeza kwingine. Watakuonyesha pikapu zenye ukinzani (kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme) wa kiloomu 14 au 15 wakikwambia hizi ndizo zenye nguvu. Kwanza, ukinzani peke yake haupimi nguvu. Unategemea pia unene wa waya, na sumaku nayo ina sehemu yake. Pili, nguvu hiyo ni ya watu wanaopiga roki wakitaka amplifaya ikwaruze. Wewe unapiga solo ya kwaya iliyokulia kwenye dansi. Wakumbuke ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Tanga wakapiga Arusha na Arusha Jazz kabla ya kwenda Kenya mwaka 1971 na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika. Ukisikiliza Simba Wanyika, solo, rizimu na besi kila moja unaisikia mahali pake hata zinapopishana kwa kasi. Pikapu iliyozungushwa waya mwingi kupita kiasi inanenepesha sauti ya katikati na kukata ile ya juu, na sauti ya katikati ndiyo imejaa kinanda na waimbaji wenu. Utaongeza voliumu na bado hutasikika. Chukua seti ya alniko, kila pikapu iwe kwenye kiloomu 6 hivi. Hiyo ndiyo sauti inayopenya.

Kuhusu kunguruma. Pikapu ya koili moja, yaani yenye fungu moja tu la waya uliozungushwa, kama zako, inadaka kila kinachotokana na umeme jirani yake: taa za tyubu, transfoma ya kinanda, nyaya za ukutani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ule mngurumo mzito unaousikia ndio huo pamoja na milio ya juu yake. Dawa yake inajulikana tangu mwaka 1955, Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alipobuni hambaka: koili mbili pembeni kwa pembeni, ya pili imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Sauti ya nyuzi inajumlishwa, mngurumo unajifuta wenyewe. Ni kazi nzuri sana, na ningekuwa nimeshakushauri uchukue, ila hambaka kamili haiingii kwenye matundu ya gitaa lako bila kukata plastiki, pengine na mbao. Tena utapoteza ile sauti inayopenya niliyoisema. Zipo pia zenye koili mbili ndani ya umbo la koili moja, lakini kwa mahitaji yako nisingeanza na hizo. Tafuta seti ambayo pikapu ya katikati imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Kwenye swichi ya nafasi tano ya kuchagua pikapu, nafasi ya pili na ya nne zinaunganisha hiyo ya katikati na jirani yake, na hapo mngurumo unakufa. Nafasi hizo mbili ndizo tamu zaidi kwa mapambio, kwa hiyo hupotezi kitu.

Lakini uliandika jambo moja kwa kupita tu, nami limenikosesha raha: kwamba mdomo ukigusa maiki huku umeshika nyuzi unapigwa shoti. Mwalimu, hilo si la pikapu. Ni dalili kwamba athi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) haipo au ina hitilafu, ama ya jengo ama ya moja ya vyombo vyenu. Usipige tena pale mpaka fundi umeme apime soketi na zile ekstensheni, na amplifaya pamoja na mashine ya maiki vichomekwe kwenye soketi moja yenye athi. Watu wamekufa jukwaani kwa jambo hilihili. Waambie wazee wa kanisa kwamba nimesema mimi, na kama wanataka kubishana wanipigie.

Kabla hujatoa hata senti, jaribu hili leo jioni. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu. Iwe kama milimita 2 na nusu, upande wa uzi mwembamba 2. Zikikaribia zaidi ya hapo sumaku inauvuta uzi, unasikia noti moja inayumba kama zipo mbili zinagombana, na tyuni haikai ukipanda juu ya shingo. Zilegeze skrubu za pembeni zishuke kidogo. Nimeona magitaa yaliyotaka kuuzwa yakapona kwa bisibisi tu. Lako naona litahitaji zaidi, ila anza hapo.

Kazi yenyewe tutaifanya kwangu. Kwenye gitaa la namna hiyo pikapu zote tatu, swichi na voliumu zimening'inia kwenye bamba moja la plastiki, kwa kawaida skrubu 11; ukishatoa nyuzi linanyanyuka lote. Tutapiga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kugusa kitu. Halafu tunalehemu. Mafundi wengi wanaogopa moto wakachukua chuma cha kulehemia cha wati 15 au 20, matokeo yake wanakandamiza mgongo wa voliumu muda mrefu mpaka inaungua ndani. Wati 40 inatosha: unagusa, lehemu inatiririka, unatoka. Na lehemu iwe ile ya redio yenye ulimbo ndani yake. Kama kuna fundi huko atakayekushawishi atumie asidi ya kuungia bati, mkatalie kabisa, inakula shaba polepole na baada ya miezi nyaya zinakatika zenyewe.

Kuna waya mmoja unaotoka kwenye springi za nyuma na kuja mgongoni mwa voliumu. Huo ndio unaounganisha nyuzi na ardhi ya gitaa, yaani upande wa athi wa nyaya zake, ndiyo maana mngurumo hupungua ukizigusa. Wengi huusahau wakati wa kurudishia. Sisi hatutausahau. Voliumu ziwe za kiloomu 250, ndizo zinazokwenda na koili moja. Za 500 zitafanya sauti ikuchome masikio.

Tukimaliza hatutafunga nyuzi kwanza. Tutachomeka kebo, tutapima mwisho wake kwa mita ya umeme, na kila nafasi ya pikapu moja ionyeshe chini kidogo ya kiloomu 6, kwa kuwa voliumu nayo inahesabiwa humo. Kisha amplifaya kwa sauti ndogo, tunagonga kila pikapu kwa bisibisi tujue swichi inafuata mpangilio. Nyuzi zikishafungwa, kama mbili zikipigwa pamoja zinatoa sauti nyembamba iliyokosa tumbo, maana yake moja imeungwa kinyume, tunabadilishana nyaya zake mbili basi.

Ukienda Arusha kununua, usinunue kabla ya kupima upana: kutoka katikati ya kichuma cha kwanza hadi cha sita, iwe sawa na za zamani, kwa sababu kuna za milimita 50 na kuna za 52. Nitumie picha ya rula ikiwa juu yake, nikujibu ukiwa bado dukani.

Jumamosi yoyote ya mwezi ujao nipo, isipokuwa ya kwanza, tuna harusi Machame. Panda basi la asubuhi kutoka Same, saa nne utakuwa umefika. Njoo na nyuzi mpya, kebo unayotumia kanisani, na ikiwezekana yule kijana wa rizimu, maana nataka kusikia magitaa mawili pamoja kabla hatujafunga skrubu za mwisho. Nisalimie mama watoto.

Ni mimi,
ndugu yako wa Moshi